Kabla hujaukimbilia Kilimanjaro

Nimepotea kidogo, lakini safari hii si kazi iliyonipoteza, ni ngazi. Jengo tulilopanga ofisi lina ghorofa tisa, na kila jioni nikishakabidhi habari zangu navaa raba na kuanza kupanda na kushuka mpaka fulana iloe. Mlinzi wa mlangoni alidhani lifti imekufa tena. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani.

Matatizo ninayo, ila yametoka Moshi. Rafiki yangu tuliyesoma wote Mlimani (mlima pekee niliouzoea hadi leo, na wenyewe nilikuwa naupanda kwa daladala) alituandikia watu wanne akatupa changamoto. Desemba, Wachagga wote wakisharudi kwao, tukimbie. Tuanzie njia panda ya Himo, tupande Marangu mpaka geti la hifadhi, hapo tuchukue kiongozi kama sheria inavyotaka, kisha tuingie msituni hadi vibanda vya Mandara, mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Ni zaidi ya kilomita 25, na karibu zote zinapanda. Atakayekuwa wa mwisho analipia mbege na nyama ya wote. Nikakubali kabla sijafikiri, si unajua tena watu wa pwani.

Mimi nikiogopa kitu huwa nakisoma. Nikaanza kutafuta jinsi watu waliowahi kuukimbilia mlima huu walivyojiandaa, nikitegemea kupata ratiba: Jumatatu kilomita kadhaa, Jumanne pumzika. Badala yake nikajikuta mwaka 1887, na sijatoka huko hadi leo.

Mwaka huo Mjerumani Hans Meyer, mtoto wa familia tajiri ya wachapishaji vitabu wa Leipzig, alipanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 29. Nguvu anazo, fedha anazo, hamu anayo. Akafika kwenye ukingo wa barafu, mita kama 5,500, akakwama. Mwenzake alikuwa ameshaishiwa, na mbele yao ulisimama ukuta wa barafu ambao hawakuwa na vifaa vya kuupanda. Wakashuka.

Mwaka 1888 akarudi, safari hii na Oscar Baumann. Wakaishia Usambara. Pwani ilikuwa imewaka moto, Abushiri bin Salim na watu wake wameamka dhidi ya Wajerumani, na mabwana hawa wawili wakakamatwa, wakafungwa minyororo na kupelekwa Pangani. Walitoka kwa kulipiwa fidia. Ukiacha siasa zake (na siasa za Meyer zilikuwa za kikoloni waziwazi, kilele alikuja kukiita kwa jina la mfalme wake), nakubali kwamba mtu aliyefungwa minyororo mwaka jana na mwaka huu yuko bandarini tena akihesabu mizigo, huyo si mtu wa kawaida.

Mwaka 1889 ndio unaonihusu. Miguu ya Meyer ilikuwa ileile. Alichobadilisha ni mambo mawili. Kwanza alimchukua Ludwig Purtscheller wa Salzburg, mwalimu wa mazoezi ya viungo na mmoja wa wapandaji hodari kabisa wa milima ya Alpi. Pili, akapanga chakula. Hili la pili halisimuliwi sana kwa sababu halina picha nzuri, lakini ndilo lililompeleka juu.

Msafara wake ulitoka pwani hadi Marangu, kwa Mangi Marealle. Kutoka pale akaupanga mlima kama mtu anayepanga nyumba. Kambi moja kubwa aliiweka juu ya msitu, ikiwa na watu na akiba. Juu zaidi, kwenye uwanda mkavu kati ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,300, akaweka hema dogo. Baina ya Marangu na kambi hizo wapagazi walikuwa wanapanda na kushuka kila baada ya siku chache, wanaleta chakula, wanaleta kuni. Kwa hiyo Meyer na Purtscheller wakishindwa leo hawakulazimika kurudi hadi kijijini. Walirudi hemani, wakala, wakalala, wakajaribu tena.

Hemani hapo hawakuwa peke yao. Alikuwapo Mwini Amani, mtu wa Pangani. Ndiyo, Pangani ileile ambako mwaka mmoja nyuma Meyer alikuwa amefungwa. Amani ndiye aliyebaki kulinda hema, kuwasha moto na kupika wakati Wazungu wawili wamepanda barafuni. Hebu mfikirie: mtu wa minazi na bahari, amekaa peke yake kwenye mita 4,300, maji yanaganda usiku, hakuna mti, hakuna mtu wa kuongea naye, anasubiri kuona kama wale wawili watarudi. Mimi niliyekulia Temeke nikiwasha feni ya mezani usiku natafuta shuka.

Tarehe 3 Oktoba 1889 walipanda wakikata ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine. Wakafika ukingo wa kreta ya Kibo, na kutoka pale wakaona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbele yao. Nguvu zilikuwa zimekwisha na siku imekwenda. Wakashuka. Safari ya 1887 ingekuwa imeishia hapo. Safari hii walipumzika, halafu usiku wa kuamkia tarehe 6 wakaenda kulala juu zaidi, kwenye pango la mawe, ili asubuhi waanze karibu. Zile ngazi walizokata siku tatu nyuma bado zilikuwapo. Siku hiyo wakafika kileleni, pale tunapopaita Uhuru tangu Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge usiku wa kuzaliwa Tanganyika.

Najua kuna mtu ameshaanza kuuliza: na Yohani Kinyala Lauwo? Tumekua tukisikia kwamba mzee huyu wa Marangu ndiye aliyewaongoza. Mwaka 1989, miaka mia moja ilipotimia, alienziwa kwa hilo, na alipofariki mwaka 1996 ilisemekana amevuka miaka 120. Wanahistoria wanabishana, kwa sababu maandishi ya Meyer yanawataja yeye na Purtscheller tu kileleni, na Amani kwenye hema. Ubishi huo umekula wino mwingi. Kwangu mimi swali hilo limewekwa upande usio sahihi. Tunabishania nani alikanyaga juu kwa dakika chache, hatuulizi ni nani waliokuwa wanapandisha mahindi na kuni kwa zaidi ya wiki mbili. Kundi hilo ndilo lililokuwa maandalizi yenyewe, na majina yao karibu yote hatunayo.

Sasa tuje kwenye mwili, maana hapa ndipo niliposhtuka.

Nilidhani kujiandaa kukimbia mlima ni mapaja na mapafu. Kumbe hewa ya juu haipungui uwiano wake, oksijeni ni ileile karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo. Pale Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Kivukoni. Unavuta pumzi ileile, unapata nusu ya mzigo. Mwili unaanza kwa kuhema haraka na moyo kupiga mbio. Baada ya siku chache figo zinarekebisha damu ili uweze kuendelea kuhema hivyo bila kujidhuru. Baada ya wiki kadhaa unakuwa umeongeza chembe nyekundu za damu. Mambo haya hayafanyiki kwenye ngazi za ghorofa tisa, hata ukipanda mara mia. Yanataka uwe kule.

Usipoupa mwili muda, mlima unakudai. Kwanza kichwa, kichefuchefu, usingizi kugoma. Ukilazimisha, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo dawa ya uhakika ni kushuka, upesi. Wala mlima hauangalii nani ana mazoezi. Mkimbiaji mwenye miguu mizuri yuko hatarini zaidi kwa namna moja: anaweza kufika haraka mahali ambapo mwili wake haujajiandaa kuwapo. Ule wimbo wa viongozi wa Kilimanjaro wa "pole pole" ambao tunauona kama mapambo ya watalii, kumbe ni tiba.

Ukimrudia Meyer ukiwa na elimu hiyo unamwona kwa jicho jingine. Zile siku za kupanda, kushindwa, kushuka hemani na kulala zilikuwa zinambadilisha damu. Mwini Amani naye, aliyekaa tu akipika, alikuwa anapata mazoezi ambayo leo watu wanayalipia kwa dola.

Pasaka iliyopita nilikwenda Mandara kwa miguu, kukagua njia. Sikukimbia, nilitembea na kiongozi wa Marangu, kijana wa umri wangu. Msitu ni mzuri kupita maelezo, unyevunyevu, mizizi, kima weusi wenye mikia myeupe juu ya miti. Mita 2,400 hivi nikaanza kuhema kama nimefukuzwa. Nikasimama, nikijifanya napiga picha. Hapo ndipo waliponipita.

Kwenye mlima wenyewe wanaitwa wagumu. Wapagazi ni neno la vitabuni. Walikuwa sita au saba, mmoja ana mtungi wa gesi kichwani, mwingine gunia la viti vya kukunja, mwingine trei za mayai zimefungwa kwa kamba na mkono mmoja tu unazishika. Wanapiga soga. Wa mwisho alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza, viatu vyake vimefungwa kwa waya. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umechoka?"

"Hapana mzee, napiga picha."

Akacheka. Nikamuuliza kutoka pale hadi Horombo anatumia muda gani, maana watalii wengi wanaifanya safari hiyo kwa siku mbili.

"Inategemea," akasema bila kusimama. "Mgeni akifika lazima akute chai."

Nimelifikiria jibu lile kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Kwa wasioijua kazi hii, inavyokuwa ni hivi: asubuhi mgeni anakunywa chai na kuondoka na kiongozi, mikono mitupu au na kibegi kidogo. Wagumu wanabaki. Wanang'oa mahema, wanaosha vyombo, wanafunga mizigo, wanainua, halafu wanapanda njia ileile hadi wampite mgeni, wafike kambi ya mbele, wasimamishe mahema na kuchemsha maji kabla hajafika. Wanaanza wa mwisho na lazima wawe wa kwanza. Na hivyo kila siku, na kikomo cha mzigo kilichowekwa ni kilo 20. Kama hizo si mbio za mlima basi sijui mbio ni nini.

Tena mbio hizi zinaua. Septemba 2002 wapagazi watatu walikufa kwa baridi huko juu. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia, wa kuwaazima makoti na buti na kudai malipo ya haki, na hali kwa baadhi ya makampuni imeboreka. Lakini viatu vya waya nimeviona mwenyewe Pasaka.

Saa zilianza kuhesabu rasmi mlimani karne hii. Mwaka 2001 Mwitaliano Bruno Brunod alipanda kutoka geti la Marangu hadi Uhuru kwa saa 5, dakika 38 na sekunde 40. Njia hiyo mgeni wa kawaida anaipanda kwa siku nne au tano. Waandishi wa Ulaya waliandika kama vile mtu ametoka mwezini, na sikatai, ni maajabu.

Mimi nasimama zaidi kwa Simon Mtuy. Huyu ni mtu wa Mbahe, jirani na Marangu, aliyeanza kama mpagazi kabla ya kuwa kiongozi, kisha akawa mkimbiaji wa masafa marefu wa kimataifa. Amekwenda hadi California kukimbia Western States, mbio za maili 100 milimani. Desemba 2004 alipanda kwa njia ya Umbwe na kushuka kwa Mweka, kwenda na kurudi saa 8 na dakika 27. Umbwe ndiyo njia fupi na kali kuliko zote, mahali pengine unashika mizizi kwa mikono. Halafu mwaka 2006 akafanya jambo ambalo naona ndilo kubwa zaidi: alirudia safari hiyo bila msaada wa mtu. Maji yake kabeba mwenyewe, chakula kabeba mwenyewe, nguo za baridi kabeba mwenyewe. Alitumia saa 9 na dakika kama 20.

Tazama tofauti yake. Mkimbiaji mgeni anayetaka rekodi anahitaji watu njiani wenye chupa za maji na koti, yaani anahitaji wagumu, kama Meyer alivyowahitaji. Mtuy alikuwa mgumu na mkimbiaji katika mwili mmoja. Maandalizi yake hayakuanza miezi sita kabla. Yalianza alipobeba mzigo wa kwanza.

Waliofuata walishusha muda. Septemba 2010 Kilian Jornet, Mkatalani aliyekulia kwenye milima ya Pirenei, alipanda Umbwe kwa saa 5, dakika 23 na sekunde 50, na mzunguko mzima akaumaliza kwa saa 7 na dakika 14. Agosti 2014 Karl Egloff akafika juu kwa saa 4 na dakika 56, akarudi chini jumla saa 6, dakika 42 na sekunde 24. Upande wa wanawake, Mbrazili Fernanda Maciel alikwenda na kurudi kwa saa 10 na dakika 6 mwaka 2017. Kuwapanga wote kwenye mstari mmoja si haki, maana Marangu si Umbwe na kupanda tu si sawa na kupanda na kushuka.

Egloff aliponitokea kwenye usomaji wangu nikacheka peke yangu. Mama yake ni wa Ecuador, baba Mswisi, na kazi yake ilikuwa nini? Kuongoza watalii milimani. Quito, mji mkuu wa kwao, uko zaidi ya mita 2,800, yaani juu ya Mandara yangu. Watu wa kule wanaamkia, wananunua mkate na kusubiri basi mahali ambapo mimi nitakuwa natambaa. Kwa hiyo wawili kati ya watu hawa wa rekodi ni watu ambao ajira yao ilikuwa kukaa mlimani na wageni. Sidhani ni bahati nasibu.

Huwa najiuliza ni wagumu wangapi katika miaka hii mia moja na thelathini na kitu walishapanda kwa kasi ya kutisha bila mtu kutazama saa. Kumwahi mgeni aliyezidiwa, kufuata kitu kilichosahaulika kambi ya chini, kuwahi chai. Hakuna atakayejua. Kwenye kumbukumbu kilichoandikwa ni kwamba mgeni alikuta chai.

Basi, wadau, mpango wangu umebadilika. Ngazi naendelea nazo kwa ajili ya mapaja. Lakini nimemwomba mhariri siku kumi za likizo badala ya nne, ili nikae Marangu kwanza, nilale huko, nitembee kila asubuhi na kushuka jioni. Akaniuliza ni habari gani naifuatilia. Nikamwambia naenda kuongeza damu. Hajanijibu bado. Vilevile nimewaandikia wenzangu watatu wa Dar nikawaeleza haya ya mgandamizo wa hewa, wakasema natafuta kisingizio mapema. Yule wa Moshi hajasema kitu, na ukimya wake unanitia wasiwasi, maana ameanza kwenda Mandara kila Jumapili tangu Agosti.

Kiongozi wa Pasaka amekubali kwenda na sisi kuanzia getini. Nilipomwambia kwamba tutakuwa tunakimbia, aliuliza kitu kimoja tu: mabegi nani atabeba? Nikasema kila mtu lake. Akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema sawa, ila atamleta na mdogo wake, ikitokea.

Mlinzi wa mlangoni naye sasa ananihesabia. Jana alisema nimepanda mara kumi na nne. Mimi nilihesabu kumi na tatu.